Masufuria ya Matanga Mlangoni kwa Mgonjwa

Kikundi chetu cha munno mukabi hapa Bwaise kina masufuria manne makubwa, turubai mbili, viti vya plastiki mia na ishirini ukitoa vilivyovunjika, na daftari moja lenye jalada jeusi. Munno mukabi ni Kiganda, mwenzio wa siku ya shida. Mtu akifariki usiku, ikifika saa mbili asubuhi masufuria yako juu ya mafiga, turubai imefungwa kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya umeme, na mzee mmoja ameketi mezani akiandika mabugo. Zamani mabugo yalikuwa nguo za magome ya mti za kumsitiri maiti. Siku hizi ni noti za elfu tano na elfu kumi, na kila noti ina jina la mtoaji daftarini. Sijaona idara ya serikali inayofanya kazi kwa haraka kama hiyo bila kusukumwa na mtu.

Mwaka 2019 mpwa wangu alipatikana na saratani ya damu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kikundi, kwa hiyo nililifungua daftari nikatafuta mahali pa kuliandika jambo hilo. Palikuwa na kurasa za vifo, kurasa za harusi, na ukurasa mmoja wa nyumba zilizoungua. Mtoto aliye hai, anayetazamiwa kuwa mgonjwa kwa miaka miwili na nusu, hakuwa na ukurasa.

Nimekuwa nikiutafakari ukurasa ule usiokuwapo tangu siku hiyo. Desturi zetu za kusaidiana zimekatwa kwa kipimo cha siku tatu. Zinajua kulia, kupika, kuchanga na kutawanyika. Ugonjwa unaokaa nyumbani kama mpangaji tunautembelea wiki ya kwanza na ndizi na soda, wiki ya pili tunapiga simu, mwezi wa tatu tunauliza habari kwa watu wengine. Kisha, mgonjwa akishafariki, tunarudi wote na masufuria yetu.

Kwa asiyeijua Bwaise: iko bondeni kaskazini mwa Kampala, katika divisheni ya Kawempe, pale barabara ya Bombo inapokutana na barabara ya mzunguko ya kaskazini. Ardhi yake ilikuwa kinamasi, na mvua ikinyesha kinamasi hudai chake. Mfereji wa Lubigi ukijaa, maji huingia nyumbani bila hodi. Ndiyo maana milango mingi ina kijiukuta cha saruji cha kurukwa, na vyoo vimejengwa juu ya ngazi, kwa kuwa ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Tuna hata mtaa unaoitwa Kimombasa. Wageni wangu wa pwani wakilisikia jina huniuliza kama kuna bahari. Maji yapo, nawajibu, ila msiyaoge.

Kutoka kwetu hadi kilima cha Mulago, iliko Taasisi ya Saratani ya Uganda, ni kilomita tatu hivi. Wapo wanaosafiri siku nzima kutoka Arua au Kotido, wapo wanaovuka mpaka kutoka Kongo na Sudan Kusini, ili wakifikie kilima ambacho sisi tunakipanda kwa miguu tukitokea soko la Kalerwe. Kwa hiyo tulikuwa na bahati. Msomaji alikumbuke hilo kila nitakapolalamika: haya ni masaibu ya mgonjwa anayeishi karibu.

Ilianza kama zinavyoanza homa zote za mtaani. Zahanati ya kwanza ikasema malaria. Ya pili ikasema malaria na taifodi, na bili ikawa ya magonjwa mawili. Fizi zikaanza kutoka damu akipiga mswaki, mapaja yakawa na madoa ya zambarau kana kwamba amechapwa, na mtoto aliyekuwa akirudi magharibi na vumbi la mpira mpaka kwenye nyusi akawa anaketi ukutani kuwatazama wenzake. Majirani walisema damu imepungua. Hawakukosea. Dada yangu akamchemshia dodo, mchicha wetu, akamsagia bitiruti, akamtafutia kila jani jekundu lililosifiwa sokoni.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini mboga zile hazikufua dafu. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Katika lukemia, chembe nyeupe za aina moja hugoma kukomaa, zikazaana ovyo mpaka zikakijaza kiwanda chote. Chembe nyekundu hukosa mahali pa kuzaliwa, mgonjwa akapauka na kuishiwa nguvu. Chembe za kugandisha damu hukosa mahali, fizi zikavuja. Na zile nyeupe zenyewe, pamoja na wingi wao, ni changa mno kupigana na kijidudu chochote. Kumlisha mtu huyo mchicha ni kupeleka magunia ya unga kwenye bekari iliyotekwa na majambazi.

Hesabu kamili ya damu ndiyo iliyofichua, ikafuata sindano ya kuchota uboho kwenye mfupa wa nyonga. Daktari alilitaja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, mwuguzi akalirudia kwa Kiganda: kookolo w'omusaayi. Dada alisikia neno la kwanza tu. Alinigeukia akauliza, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani ambacho marehemu baba, dereva wa malori ya Mombasa, alikataa tusikisahau, "Kaka, tumwambie nani kwanza?" Nilidhani anauliza habari za jamaa. Alikuwa anauliza habari za mazishi.

Ningependa historia ya kile kilima ifundishwe katika kila darasa la Bwaise, kwa sababu inalijibu swali la dada. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Afrika. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na ndani yake Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1967 Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani wakafungua hapo Mulago kituo cha kuutibu uvimbe huo, chini ya Mmarekani kijana, John Ziegler. Watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuonyesha kwamba ipo saratani inayopona kwa dawa, bila kisu. Wageni walipoondoka enzi za Amin, Profesa Charles Olweny na wenzake wakabaki na kazi. Kikaja hata kipindi ambacho Dk. Jackson Orem alikuwa ndiye bingwa pekee wa saratani nchini. Taasisi ikaendelea kupokea wagonjwa.

Yaani mahali ambapo neno kookolo lilianza kupoteza meno ni kilomita tatu kutoka kwenye mlango ambapo bado linatamkwa kwa kunong'ona.

Lakini simulizi hiyo ya fahari ina daktari, ina mtoto, ina dawa. Aliyemleta mtoto kilimani, akamrudisha kwa dozi ya pili na ya tatu, hatajwi. Na dozi ya tatu isipofikiwa, ya kwanza huwa ni mateso ya bure.

Kiswahili kina kitenzi ambacho hatukitendei haki. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Ongeza herufi moja tu upate kuuguza, yaani kukaa na anayeugua, kuubeba ugonjwa usiokuwa mwilini mwako. Muuguzi wa kwanza alikuwa mama, shangazi, bibi. Hospitali ikalichukua neno ikalivalisha sare, na yule wa awali akabaki bila jina. Waganda wamemhifadhia lake, omujjanjabi. Wodini huitwa atendanti. Atendanti ndiye anayefua mashuka, anayepika kwenye sigiri uani, anayekimbiza chupa ya damu maabara, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda na kuamka dripu ikikaribia kwisha. Siku maatendanti wote wa Afrika Mashariki watakapoamua kwenda nyumbani kwa pamoja, hospitali zetu hazitafika jioni.

Atendanti wetu alikuwa dada. Kabla ya hapo alikuwa akiuza rolex karibu na mzunguko, zile chapati zinazokunjiwa mayai ambazo Kampala nzima huishi kwazo. Wiki tatu za kulala wodini zilitosha mahali pake pakachukuliwa na kijana mwenye mwavuli mpya. Baba wa mtoto alituma pesa mara mbili, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mimi nilikuwa natuma kila Ijumaa, na nakiri nilijiona mtu mwema sana. Ilinichukua miezi mingi kutambua kwamba pesa ndicho kitu kilichokuwa rahisi kwangu kutoa, ndiyo maana nilikuwa nakitoa hicho.

Kemo si sindano moja. Kwa lukemia aliyokuwa nayo mpwa wangu, ambayo ndiyo huwapata zaidi watoto, mwezi wa kwanza ni wa kufyeka msitu: dawa ya mshipani kila wiki, vidonge vya steroidi kila siku, na sindano ya kuingiza dawa kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa ugonjwa hupenda kujificha kichwani. Hufuata miezi ya kung'oa visiki. Halafu zaidi ya mwaka mzima wa vidonge vinavyomezwa nyumbani, mtoto akionekana mzima kabisa. Mojawapo ya dawa za mshipani, vinkristini, asili yake ni lile ua la zambarau la Madagaska ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba kwa urembo. Nililipita kila siku mbele ya benki moja pale mjini bila kulipa salamu.

Hayo ni ya hospitali. Ya nyumbani hayaandikwi popote, nami nitakaa hapo kidogo, kwa sababu ndipo mgonjwa anapoishi.

Wiki moja au mbili baada ya dozi nzito chembe nyeupe hushuka mpaka karibu ziishe. Katika siku hizo homa ya nyuzi 38 haingoji asubuhi na haitulizwi kwa panadoli. Ni kwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni saa nane usiku na mwenye boda anataka mara tatu ya bei ya mchana. Kwa hiyo nyumba inahitaji kipimajoto, na inahitaji nauli iliyofichwa ambayo haiguswi hata sukari ikiisha. Jaribu kuficha elfu ishirini ndani ya chumba kimoja Bwaise kwa miezi sita bila kuigusa, ndipo utajua nidhamu ni nini.

Kipo pia kidonge kinachoitwa methotreksati, ambacho katika awamu ya mwisho humezwa mara moja kwa wiki. Kikimezwa kila siku kwa makosa kinaweza kuua. Dada aliishia darasa la sita. Alichora kalenda kwa mkaa ukutani, kila Ijumaa ikiwa na duara, na mafuriko yalipoifuta kalenda aliichora upya juu zaidi, mahali ambapo maji hayafiki. Kama kuna picha moja ya tiba ya saratani ningependa ipigwe na kutundikwa, ni ule ukuta.

Tulipewa pia maelekezo ya choo. Kwa siku mbili baada ya dawa, mkojo na matapishi ya mgonjwa huwa na mabaki ya sumu: vaa glavu, vuta maji mara mbili. Dada alicheka, kicheko cha kwanza mwezi ule. Choo chetu kina ngazi saba, kinatumiwa na nyumba tisa, na hakijawahi kuvuta maji tangu kijengwe. Mtoto ambaye nyayo zake zilikuwa na ganzi kwa sababu ya lile ua la Madagaska hakuweza kuzipanda zile ngazi. Alitumia ndoo, na ndoo ilibebwa na mama yake, na glavu zilikuwa mifuko ya plastiki ya sokoni. Majirani walinung'unika, nami siwalaumu, maana hakuna aliyewaeleza.

Kisha wageni. Kwetu kumtembelea mgonjwa ni ibada kwa Waislamu na ni ibada kwa walokole, na anayefungiwa mlango husema ametukanwa. Sasa waeleze watu kwamba mafua ya mtoto wao yanaweza kumlaza mtoto huyu wodini. Shangazi mmoja alikuja na mjukuu anayekohoa, dada akasimama mlangoni akamwambia, kwa heshima zote, "Shangazi, nisalimie hapo hapo." Shangazi aliondoka na ndizi zake. Walipatana baada ya mwaka.

Novemba ile mvua haikukata. Maji yaliingia kama saa tisa usiku, na mpwa wangu alikuwa na siku ya tisa baada ya dozi. Dada alimpandisha juu ya meza, akapanga kreti za soda akaweka godoro. Kulipokucha maji ya mfereji yalikuwa yamechanganyika na ya vyoo, na hakuna jerikeni iliyoaminika. Nilifika saa tatu nikiwa nimekunja suruali. Nyuma yangu akaja Hajati, mwenyekiti wetu wa munno mukabi, na akina mama wanne wamebeba sufuria kubwa kuliko yote, lile la pilau ya matanga. Wakalitua mlangoni.

Dada alipoliona alipiga ukunga. Hakuna mtu wa Bwaise asiyejua lile sufuria huja nyumbani kwa mtu kwa sababu gani.

"Hajafa, Hajati! Mwanangu hajafa!"

"Tunajua, mama. Tumekuja kuchemsha maji."

Walichemsha mpaka alasiri, juu ya matofali, kwa mkaa wa kikundi. Maji ya kunywa wakayaweka kwenye mitungi yenye vifuniko, ya kufulia wakayatia dawa ya klorini, wakafua kila shuka na kila nguo ya yule mtoto. Sufuria la kulisha watu mia mbili lilimhudumia mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na simu mkononi, nikitafuta nani nimtumie pesa ya nini.

Jumapili iliyofuata palizuka mjadala kikundini, na haukuwa mwepesi. Mzee mmoja fundi cherehani, mtu ninayemheshimu, alisimama akasema sanduku letu ni la kifo kwa sababu kifo ni cha wote. Kila anayechangia leo anajua atachangiwa kesho, na hesabu inafungwa. Ugonjwa wa miaka miwili ni wa mmoja, hauna mwisho unaojulikana, na ukiufungulia sanduku siku mtu mwingine akifa tutakuta sanduku tupu. "Kifo kina siku," alisema. "Ugonjwa una siku ngapi?"

Ni hoja nzito, na wanaoandika magazetini kuhusu mshikamano wa Kiafrika huipita wakiwa wamefumba macho. Watu wanaokula kwa kibarua cha siku hawawezi kulipia saratani. Wala hawapaswi. Nikimsikia waziri akiwasifu wananchi kwa kuchangiana matibabu huwa najipapasa mfukoni. Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa mwezi Machi 2021. Mswada ule haukuwa sheria, na tangu hapo kila familia imekuwa kampuni ya bima ya mteja mmoja.

Wanaodhani dawa peke yake inatosha wautazame utafiti wa hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, uliofuatilia watoto waliopatikana na saratani kati ya 2007 na 2009. Zaidi ya nusu waliacha matibabu njiani. Walioacha walikuwa wengi kuliko waliofariki wakitibiwa, na kuwa au kutokuwa na bima kulibadilisha mwisho wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Lengo lililowekwa mwaka 2018 ni asilimia 60 ifikapo 2030. Watu husoma tofauti hiyo wakafikiria mashine na maprofesa. Mimi nafikiria pia nauli, mkeka na kijana mwenye mwavuli mpya.

Wapo waliolielewa hilo mapema. Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha pale Muhimbili huhesabu malazi, chakula na nauli ya mzazi kama sehemu ya matibabu ya mtoto. Hapa kwetu Kawempe Home Care na Bless a Child Foundation wana nyumba za kuwalaza watoto na mama zao kati ya dozi na dozi, na mtu aliyetoka Karamoja na mtoto mgongoni atakwambia hiyo ni dawa kama dawa nyingine. Ni mashirika ya hisani, na hisani ina kikomo chake. Mahali pa nauli ya atendanti ni bajeti ya wizara, kwenye mstari ule ule wa vinkristini. Sijasikia mbunge akilisimamia hilo. Labda hajawahi kulala chini ya kitanda.

Hata hivyo, fundi cherehani alikosea mahali pamoja, na Hajati ndiye aliyemwonyesha. Alimuuliza: lile sufuria lilitugharimu shilingi ngapi? Mkaa tu. Kilichompungukia dada, ukiuondoa ule mfuko wa nauli, kilikuwa vitu ambavyo vimejaa Bwaise. Mtu wa kulala wodini siku moja ili yeye alale nyumbani. Mtu wa kuketi kwenye kibanda chake cha rolex asije akanyang'anywa. Mtu wa kusimama mlangoni na kuwa mbaya kwa wageni kwa niaba yake. Mtu wa kubeba ndoo.

Na damu. Katika miezi ile ya kwanza mpwa wangu aliongezewa damu mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na chembe za kugandisha damu pia, ambazo ni mali ngumu: hazikai kwenye friji, hutikiswa usiku na mchana, na baada ya siku tano hivi hutupwa. Dozi moja ya mtu mzima hukusanywa kutoka kwa wachangiaji kadhaa. Benki ya damu ya Nakasero hutegemea sana wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa damu huadimika, kana kwamba wagonjwa nao wana likizo. Waganda hatuuziani damu, ni ya bure kwa mujibu wa utaratibu, na mwanamume mzima anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na sikuwa nimewahi kutoa hata mara moja. Mabugo nilikuwa nimetoa mara thelathini na nne. Nililihesabu daftari.

Mwishoni mwa Machi 2020 ikaja amri ya kufunga nchi. Teksi zikasimama, kisha magari ya watu binafsi, na boda zikakatazwa abiria. Yule mtoto alikuwa na dozi Jumatano. Fundi cherehani, yule yule, alileta baiskeli yake, tukamketisha mgonjwa kwenye kiti cha nyuma amefungwa shuka ya mama yake, mmoja akasukuma na mmoja akamshika, tukapita Kalerwe iliyokuwa kimya kama siku ya Idi alfajiri, tukaupanda mlima wa Mulago. Pale juu tuliwakuta watu waliotembea tangu usiku. Wengine waliotarajiwa siku ile hawakufika, na sijui kama walifika tena. Vitanda vitatu jirani na cha mpwa wangu sitavisimulia.

Yeye alimaliza vidonge mwanzoni mwa 2022. Sauti imekuwa nzito, anafunguafungua simu za watu kwa fundi mmoja pale Kalerwe, na mama yake bado humgusa paji la uso kila asubuhi bila yeye kutaka. Kijana mwenye mwavuli hakuondoka. Dada amefungua kibanda kingine ng'ambo ya barabara, na mgongo unamuuma tangu miaka ile ya mkeka, na hakuna daktari aliyewahi kuuliza habari za mgongo wake, kwa kuwa hakuwa na faili.

Daftari jeusi limejaa, tumenunua jipya. Lina kurasa za vifo na za harusi, na katikati, kwa mwandiko wa Hajati kwa sababu mimi niliondolewa uandishi, kuna ukurasa wenye kichwa Wanaouguza. Sasa hivi una watu watatu: binti anayemuuguza babake mgonjwa wa figo, bwana mwenye mke aliyepooza, na mama wa kule Kimombasa ambaye mwanawe ameanza kemo mwezi huu. Chini ya kila jina kuna zamu: nani analala wodini, nani anachota maji, nani anakwenda Nakasero. Jina langu lipo mara mbili kwenye zamu za usiku za mama wa Kimombasa, na mbele yake, kwa wino mwekundu, pameandikwa: hajalipa.